Nani Amebaki na Mtoto?

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 2021, nyumba za walimu katika shule yetu hapa jirani na Iten hazikuzimwa taa. Marathoni ya wanawake ya Olimpiki ilikuwa inakimbiwa Sapporo, na waandaaji, kwa kuhofia joto, walikuwa wameamua kuianza saa moja mapema zaidi, yaani saa kumi na mbili asubuhi ya Japani. Kwetu ikawa saa sita kamili ya usiku. Tukajikusanya kwa mwalimu wa hesabu, mwenye runinga kubwa, kila mtu na blanketi lake. Mwishoni Peres Jepchirchir akamwacha Brigid Kosgei, akamaliza kwa saa 2:27:20, na Kosgei akafika sekunde 16 baadaye. Dhahabu na fedha, zote Kenya. Jepchirchir ana binti, ambaye siku ile alikuwa hajatimiza miaka minne. Kosgei ana mapacha.

Mpishi wa shule, aliyekuja kutazama nasi, akauliza, "Na usiku huu watoto wao wamelala kwa nani?"

Wenzangu walicheka. Mimi ni mwalimu wa historia, na swali lile lilinikaa. Ukilirudisha nyuma miaka hamsini au zaidi, linaeleza mambo ambayo saa za kupimia mbio haziwezi kuyaeleza.

Tuanze na masafa yenyewe. Mwaka 1928 kule Amsterdam wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800 katika Olimpiki kwa mara ya kwanza. Magazeti yakaandika kwamba walizimia ovyo uwanjani, habari iliyotiwa chumvi nyingi, na mbio hizo zikaondolewa hadi 1960. Mita 1500 ziliingia 1972, marathoni 1984, mita 10,000 mwaka 1988. Msichana wa Kenya aliyekuwa na pumzi ya kwenda mbali mwaka 1965 hakuwa na mbio za kukimbia. Waliojulikana kuwa na pumzi ni wanaume.

Wanawake wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki walikuwa watatu: Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire, Mexico 1968. Mwaka huo huo Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walileta dhahabu, na ni majina yao ndiyo yaliyoingia kwenye vitabu vya shule za msingi. Mwaka 1974, Christchurch, msichana mdogo Sabina Chebichi alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya mwanamke wa Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa amepata umaarufu kwa kukimbia pekupeku akiwa amevaa gaguro. Watu wa Kitale wanaisimulia habari ya gaguro hadi leo. Ya medali wengi wameisahau.

Mbio za wasichana enzi hizo zilikuwa jambo la shule. Shule ikiisha, mbio zinaisha, na baada ya hapo ni ndoa. Katika nafasi hiyo finyu, kati ya mtihani wa mwisho na mtoto wa kwanza, ndipo msichana alitakiwa awe ameshashinda kila alichoweza kushinda. Kisha Kenya ikasusia Olimpiki ya Montreal 1976 na ya Moscow 1980. Tunapofundisha habari za kususia tunawataja wanaume waliokosa medali. Lakini mwanamume aliweza kungoja, na wengine walingoja. Kwa mwanamke wa kizazi kile, miaka minane ilitosha kuolewa, kuzaa na kusahauliwa. Ndiyo maana namheshimu Tecla Chemabwai kuliko wengi wenye dhahabu: miaka kumi baada ya Mexico, alikuwa bado yupo uwanjani, akachukua fedha ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978.

Nje ya Afrika palikuwa na mifano, michache. Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi alikwenda London mwaka 1948 akiwa na miaka 30 na watoto wawili, akarudi na dhahabu nne. Kabla ya kwenda aliandikiwa barua za kumlaumu kwamba anawaacha wanawe ili akakimbie na kaptula mbele za watu. Mume wake ndiye aliyekuwa kocha wake. Ingrid Kristiansen wa Norway alikimbia mbio za nyika za dunia Machi 1983 akiwa mjamzito bila kujua. Alishangaa tu kwa nini miguu inamgomea. Alijifungua Agosti, na Januari 1984 akashinda marathoni ya Houston. Mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:21:06, London. Nikiwasimulia wanafunzi wangu habari ya Kristiansen, wavulana hushangaa rekodi. Wasichana huhesabu miezi kwa vidole.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Huku nililetwa na ajira, nikaolewa huku huku. Chuoni nilikimbia mita 1500, si kwa sifa ya kuandikwa popote, ila zilitosha kunipa kazi ya kusimamia michezo shuleni, kwa hiyo nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilitaka kurudi barabarani mapema. Ndipo nikajikuta katikati ya mama wawili, kila mmoja na elimu yake ya mzazi.

Mama yangu alipanda basi la usiku kutoka pwani na kapu: mdalasini, pilipili manga, tangawizi kavu, asali, na mkaja wa kitambaa kigumu cheupe aliotumia yeye mwenyewe aliponizaa. Kwetu mzazi hutulizwa siku arubaini. Hukandwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa majani ya mwarobaini, taulo linatumbukizwa, linakamuliwa, linabandikwa tumboni na kiunoni hadi ngozi inawaka. Kisha anafungwa mkaja, anapewa uji wa pilipili manga, hatoki nje, hainami, hafagii, hashiki ndoo. Wazee husema kaburi la mzazi liko wazi hadi arubaini iishe. Kabla hujaicheka kauli hiyo, kumbuka imetungwa na watu waliowazika mabinti zao kwa homa ya uzazi na kutokwa na damu, wakati hospitali ilikuwa mbali au haikuwepo.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa bondeni kule Kerio, alikuja na kibuyu cha mursik na unga wa wimbi. Yeye alinitaka nile ninenepe, ninyonyeshe, na nikiona nina nguvu nitembee. Alinisimulia kwamba alipomzaa mume wangu, haukupita muda akawa anapanda ule ukingo wa bonde na mzigo mgongoni. Mama alimsikiliza kwa adabu, kisha tulipobaki wawili tu akanong'ona, "Mwanangu, huyu dada yangu ni wa chuma. Wewe si wa chuma."

Walikubaliana jambo moja tu, na hawakuwahi kulijadili: kwamba mimi sifui, sipiki na siamki usiku kumbembeleza mtoto, kwa kuwa wao wapo. Mila hizi mbili ukizivua mapambo, ndani yake unakuta kitu kimoja: mikono ya mwanamke mwingine. Mwaka 2019 wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza walitoa mwongozo wa kurudi mbioni baada ya kuzaa. Walishauri mama asikimbie kabla ya miezi mitatu, na kwanza aweze kutembea nusu saa, kusimama mguu mmoja sekunde kumi, na kurukaruka bila maumivu, bila kuhisi uzito huko chini na bila mkojo kumponyoka. Niliposoma nilimpigia mama simu. Alisema, "Arubaini ya mwanzo ni ya kumwokoa mzazi, hizo za mbio zako sijui ni arubaini ya ngapi."

Hilo la mkojo nalitaja makusudi. Katika mji huu ambao kila mtu anazungumzia mapafu, damu na wembamba wa miguu, hakuna anayezungumzia misuli inayobeba kibofu na mji wa mimba. Asubuhi ya kwanza niliyojaribu kukimbia kuteremka barabara ya vumbi nilielewa kwa nini wanawake wengi ninaokutana nao saa kumi na mbili alfajiri huvaa suruali nyeusi za kubana. Na maziwa: ukichelewa kurudi, kifua kinakuwa jiwe, sidiria inalowa, na kila hatua inauma. Nilijifunza kukamua kabla ya kutoka, gizani, kwenye kikombe cha bati, na kuvaa sidiria mbili moja juu ya nyingine. Mkaja wa mama niliufunga chini ya fulana. Kocha mmoja alinionya kwamba utanizuia kuvuta pumzi. Sikuufungua.

Sasa nirudi kwa wenye kasi.

Catherine Ndereba wa Nyeri aliajiriwa na Magereza mwaka 1994. Alijifungua binti yake 1997. Mwaka 1999 alikimbia marathoni yake ya kwanza Boston akawa wa sita, na mwaka uliofuata akashinda, kisha akarudia 2001, 2004 na 2005. Kati ya hapo, Oktoba 2001, Chicago, alikimbia saa 2:18:47, na hakuna mwanamke duniani aliyekuwa amewahi kufika huko. Mumewe ndiye aliyekuwa akibaki na mtoto Kenya wakati yeye yuko Marekani kwa mashindano, na katika miaka ile mwanamume wa Nyeri kujulikana kwa kazi hiyo halikuwa jambo dogo. Kwa maoni yangu Ndereba ndiye mlango. Kabla yake mama anayekimbia alikuwa ajabu. Baada yake akawa mpango.

Mpango huo ulishikwa na vitu viwili visivyo na mvuto wa kuandikiwa wimbo. Cha kwanza ni mshahara wa serikali. Magereza, Polisi na Jeshi vilimpa mwanariadha cheo, nyumba na pesa za mwisho wa mwezi, akimbie au asikimbie msimu ule. Hellen Obiri, mwanajeshi, alipata mtoto 2015, akachukua fedha ya mita 5000 Rio mwaka uliofuata, kisha ubingwa wa dunia 2017 na 2019. Cha pili ni sheria. Sheria ya zamani ya ajira ilimpa mama miezi miwili, na akiichukua anapoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 ikampa miezi mitatu yenye mshahara kamili na kumwachia likizo yake ya mwaka, na baba akapewa wiki mbili. Wiki mbili za baba, hapa kwetu, nyingi zimeishia kwenye matengenezo ya paa na kutembelea mashamba, lakini zipo.

Kulikuwa pia na suala la kambi. Zamani msichana aliyekaribishwa kufanya tizi na wanaume alikaribishwa na jikoni vilevile: akirudi kutoka mbioni, wenzake wanalala, yeye anasonga ugali. Lornah Kiplagat, aliyeyaona hayo, alijenga kituo chake hapa Iten mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwafikiria wasichana kwanza, wapate mahali pa kulala, kula na kupumzika bila kumpikia mtu. Leo wageni wanaokuja kutoka Ulaya na kuoga bwawani pale sidhani kama wanajua kwamba chanzo chake ni sufuria.

Baada ya hapo orodha inakimbia yenyewe. Mary Keitany alijifungua 2008, mwaka mmoja baadaye akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Akapata mtoto wa pili Aprili 2013, na Novemba 2014 akashinda New York, ya kwanza kati ya nne. Vivian Cheruiyot alipata mtoto Oktoba 2013, akashinda mita 10,000 za dunia Beijing 2015, kisha Rio akamshika na kumpita Almaz Ayana katika mita 5000 wakati dunia nzima ilikuwa imeshampa Ayana medali hiyo. Faith Kipyegon alijifungua Juni 2018. Juni 2019 alirudi uwanjani California na kushinda mita 1500 kwa dakika 3:59.04. Tukio hilo wengi hulipita haraka kwa sababu ya yaliyofuata: dhahabu ya Tokyo, na ile miezi miwili ya 2023 alipovunja rekodi za mita 1500, mita 5000 na maili moja. Wanafunzi wangu wanazijua zote kwa moyo, pamoja na sehemu za sekunde.

Mimi nampenda zaidi Jepchirchir wa mwaka 2018. Binti alizaliwa Oktoba 2017, na msimu uliofuata hakuonekana sana. Alirudi taratibu, akashinda marathoni ya Saitama Desemba 2019, miaka miwili na zaidi baada ya kujifungua. Muda mrefu bila zawadi za mbio ni mzigo kwa mtu ambaye riziki yake ni miguu. Kule Marekani jambo hilo lilizua vita hadharani. Alysia Montaño, ambaye mwaka 2014 alikimbia mita 800 katika mashindano ya taifa akiwa na mimba ya wiki 34, alieleza Mei 2019 jinsi wanawake wanavyokatwa malipo ya udhamini wakiwa wajawazito. Allyson Felix, aliyejifungua kabla ya wakati Novemba 2018, akaongeza sauti yake. Agosti 2019 Nike ikabadilisha mikataba yake, mwanariadha asikatwe kwa muda wa miezi 18. Habari hizo zilifika Iten haraka kuliko matokeo ya mbio, maana jezi zinazotundikwa kwenye kamba za nguo hapa zina nembo zile zile.

Nimewataja waume wema, na ni haki niseme kwamba si wote. Hapa mume mara nyingi ni kocha, meneja, dereva na mwenye kushika kadi ya benki, na mwanamke anapokuwa na mtoto mdogo, kamba hizo hukaza zaidi. Mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake hapa Iten, Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei wa Uganda, mama wa mabinti wawili, alichomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake kule Trans Nzoia, Septemba 2024, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Paris. Mjini huku, baada ya misiba hiyo, swali la nani amebaki na mtoto liliulizwa kwa sauti nyingine kabisa.

Lakini mara nyingi jibu la swali la mpishi si mume wala bibi. Ni yaya. Ukipita barabara ya vumbi siku ya Alhamisi, wakati mamia wanakimbia fatleki, mbio za kubadili kasi, utawaona wasichana wamesimama kwenye malango wakiwa na watoto mgongoni, wanatazama. Wengi wametoka vijiji vya bondeni, wameacha shule kwa karo au kwa mimba. Hakuna kitabu cha riadha kilichowaandika. Baadhi yao walikuwa wakikimbia.

Mmoja wa aina hiyo ninaye darasani, kidato cha tatu. Alikwenda kulea watoto wa watu Eldoret, akarudi kwao na mimba, akajifungua, kisha akarudi shule. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha wasichana hao tangu miaka ya 1990, na mwongozo mpya ukatolewa 2020. Tanzania iliwafungulia milango Novemba 2021. Msichana huyu anakimbia mita 3000 vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kuwa naye. Saa ya chakula cha mchana anakwenda kwa muuguzi wa shule kukamua maziwa. Darasani hakuna aliyemkataa. Ubishi ulizuka nilipomtia kwenye timu, maana mashindano ya kaunti yanalazimu kulala nje usiku, na katika kikao cha walimu mmoja alisema mzazi anyonyeshaye hana kazi kwenye basi la wanafunzi. Mwalimu wa hesabu akamuuliza kama ameangalia Sapporo usiku ule kwa macho au kwa masikio.

Tumefika hapa: msichana ataenda, na bibi yake atakuja na mtoto, alale naye kwenye bweni la wageni. Bibi amekubali, ila anataka nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, pamoja na fidia ya kibarua cha kupalilia atakachokikosa. Katika fomu ya bajeti ya michezo kuna mistari ya viatu, glukosi, maji na mafuta ya basi. Nimeandika nauli ya bibi chini kabisa, kwa kalamu, na mhasibu ameniita ofisini Jumatatu nimweleze inaingia kwenye fungu lipi.